Barua ya wazi kwa wasimamizi wa usafiri Dar es Salaam: pigeni hesabu kabla ya kununua programu

Kwa Mkurugenzi Mkuu wa LATRA (mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini), Mtendaji Mkuu wa DART (wakala wa mabasi yaendayo haraka, yaani mwendokasi), na Wakurugenzi wa Jiji la Dar es Salaam na Manispaa za Kinondoni, Ubungo, Temeke na Kigamboni.

YAH: MABASI MADOGO YA KUITA KWA SIMU

Ndugu viongozi,

Nafundisha hisabati kwenye shule moja ya sekondari pembezoni mwa jiji letu. Kipindi changu cha kwanza huanza na madawati matupu, na wenye madawati hayo si watoro. Wametoka nyumbani giza halijaondoka, sare zimepigwa pasi, wamesimama kituoni na magari yamewapita. Konda anajua hesabu yake: mwanafunzi analipa shilingi 200 na anachukua nafasi ileile ya mtu mzima anayelipa mara tatu ya hiyo. Watoto wanaingia darasani viatu vimejaa vumbi, na mimi nimeshafuta ubao.

Siku hizi kila tunapozungumzia shida hii, kwenye vikao vya mtaa hata kwenye vijiwe vya kahawa, kuna mtu anasema dawa imepatikana: mabasi madogo yasiyo na ruti, unayaita kwa simu. Unaandika ulipo na unakokwenda, kompyuta inakusanya maombi ya majirani zako, inachagua gari, inapanga njia, na gari linakuja kuwachukua wote. Lingewatoa watu Goba, Madale, Kivule, Chanika na Toangoma na kuwafikisha kwenye barabara kuu, wapande mwendokasi au daladala kubwa.

Sipingi wazo hili. Hisabati yake naipenda, na naamini inaweza kumfikisha mwanafunzi wangu shuleni kwa wakati. Ninachoogopa ni kwamba itanunuliwa programu iliyotengenezwa kwa ajili ya mji mwingine, itazinduliwa kwa ngoma, kisha baada ya mwaka mmoja itakufa, na tutaambiwa kwamba wananchi hawakuipokea. Ndiyo maana nawaandikia kabla.

Kwanza tukubaliane kwamba Dar es Salaam haianzi na ukurasa mtupu. Tangu serikali iliporuhusu daladala za watu binafsi mwaka 1983, jiji hili limeendeshwa kwa modeli moja ya kihisabati ambayo kila dereva anaijua kwa kichwa, nayo inaitwa hesabu. Dereva anachukua gari asubuhi, jioni anampelekea tajiri kiasi walichokubaliana, anatoa mafuta, anamlipa konda, na kinachobaki ndicho chake. Mengi yanayotuudhi barabarani yanatoka kwenye hesabu hiyo. Kukatisha ruti, kukimbizana kuwahi kituo, kumkataa mwanafunzi, kumpa gari deiwaka saa za mchana, na hasa kusubiri gari lijae, yote ni majibu ya mtu mwenye akili anayetafuta kiasi cha kupeleka jioni. Nasema hivi kwa heshima, kwa sababu wapo wanaodhani kwamba madereva hawana mpangilio. Mpangilio wanao, ila wanatafuta jibu la swali lisilo letu sisi abiria.

Tuangalie huko kusubiri gari lijae. Kosta ya siti 30 iko kituoni, na abiria anaingia mmoja kila dakika. Wa kwanza anasubiri dakika 29, wa mwisho hasubiri kabisa, wastani wao ni dakika 14 na nusu. Ikifika saa tano asubuhi, abiria mmoja anakuja kila baada ya dakika mbili. Sasa wa kwanza anakaa dakika 58 na wastani unakuwa dakika 29. Gari ni lilelile, dereva ni yuleyule, wala hakuna aliyefanya uvivu. Mama aliyetoka kliniki na mtoto mgongoni ndiye anayelipa tofauti hiyo, na anailipa kwa muda wake.

Nje ya kituo cha mwanzo kuna jambo jingine, ambalo wanafunzi wangu hukataa kuliamini mpaka walichore. Magari sita kwa saa yakija kwa mpangilio, moja kila dakika kumi, anayefika kituoni bila kujua ratiba atasubiri kwa wastani dakika tano. Magari hayohayo sita yakija mawili mawili kila dakika 20, wastani wa kusubiri unakuwa dakika kumi, kwa sababu gari la pili kwenye kila jozi halimpunguzii mtu kitu. Idadi ya magari haijabadilika, leseni mlizotoa hazijabadilika, na mzigo wa abiria umeongezeka maradufu. Kwa hiyo ripoti inayosema tu kwamba ruti fulani ina magari mengi haijaeleza bado abiria anapata nini.

Tena wastani wenyewe haumwamshi mtu. Muuguzi anayepaswa kuwa wodini saa moja kamili hapangi safari yake kwa siku ya kawaida, anaipanga kwa siku mbaya. Kama siku moja kati ya kumi anasubiri dakika 50, anaamka kwa ajili ya dakika 50 hizo siku zote kumi. Modeli yoyote mtakayoletewa mezani, naomba muulize hilo mapema: siku mbaya moja kati ya kumi inaonekanaje? Anayewajibu kwa wastani peke yake hajawahi kusimama kituoni na bosi anamsubiri.

Sasa nije kwenye magari ya kuita. Wazo hili lina umri kuliko simu janja. Mwaka 1972, mji wa Haddonfield kule New Jersey, Marekani, ulianza majaribio ya mabasi yanayoitwa kwa simu ya mezani, na watafiti wa chuo cha MIT walikuwa tayari wanaandika programu za kupanga njia zake. Mwaka 1980 Harilaos Psaraftis, wa chuo hichohicho, alionyesha namna ya kupata jibu bora kabisa kwa gari moja na abiria wachache. Wachache, kwa sababu tatizo hili linavimba haraka mno. Gari likiwa na abiria wawili, kila mmoja na mahali pake pa kupandia na pa kushukia, kuna mipangilio 6 ya kuwahudumia. Abiria watatu, mipangilio 90. Watano, 113,400. Wanane, ambao hata kipanya hawakijazi, mipangilio inapita bilioni 81. Na hapo ni gari moja tu, kabla hamjauliza ni gari gani kati ya mengi limchukue nani.

Namba hizo ndizo zinazofanya wauzaji wa programu wadai bei kubwa. Lakini sisi hatuna tatizo hilo lote. Basi la mlisho linawakusanya watu na kuwapeleka sehemu moja: kituo cha mwendokasi, au stendi ya daladala. Wote wanashuka pamoja. Mwisho wa safari ukishajulikana, kinachobaki ni kuamua nani achukuliwe kwanza, na kwa abiria wanane mipangilio yote ni 40,320. Kompyuta ya bei ndogo inaipitia yote kabla dereva hajawasha gari. Kutoka bilioni 81 hadi elfu arobaini, kwa sababu tu tumelitazama swali letu wenyewe badala ya kuazima la wengine. Kabla ya kulipa fedha za walipakodi, naomba mtu akae na kuwaeleza kama anawauzia jibu la swali la kwanza au la pili.

Kuna kanuni moja nyingine ambayo ningeiandika ukutani kwenye ofisi zenu. Mwaka 1959 wanahisabati Beardwood, Halton na Hammersley walithibitisha kwamba njia fupi ya kupitia sehemu nyingi zilizotawanyika kwenye eneo hurefuka kulingana na kipeuo cha pili cha idadi ya sehemu hizo kuzidisha ukubwa wa eneo. Ukizidisha kipeuo hicho kwa takribani 0.71 unapata makadirio ya urefu wenyewe. Chukueni mtaa wa kilomita 4 za mraba. Watu 9 wakiita gari, njia ya kuwapitia ni kama kilomita 4.3. Wakiita 36, njia ni kama kilomita 8.5. Abiria wameongezeka mara nne, njia imeongezeka mara mbili tu. Kwa kila abiria, gari limetembea mita 475 kwenye hali ya kwanza na mita 237 kwenye ya pili. Haya ni makadirio ya mstari ulionyooka, na kwenye vilima vya Goba, ambako nyumba mbili zinazotazamana zimetenganishwa na bonde lisilo na daraja, mtaongeza sana. Lakini umbo la kanuni halibadiliki: mabasi ya kuita hupata nafuu watu wanapokuwa wengi karibu karibu, na huumia wanapokuwa wachache mbali mbali.

Kanuni hiyohiyo inatufundisha kwamba mlango kwa mlango ni anasa tusiyoihitaji. Mkiwaomba watu watembee mita 150 hadi kwenye duka la Mangi, watano wanapanda mahali pamoja na vituo vitano vinakuwa kimoja. Watu wetu wanatembea tayari. Wanachotaka ni uhakika kwamba wakifika dukani gari litakuja.

Helsinki ndiko nilikojifunza zaidi. Mwaka 2012 mamlaka ya usafiri ya jiji hilo la Finland ilianzisha huduma iliyoitwa Kutsuplus, jina lililotokana na neno lao la kuita. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Aalto ulikuwa nyuma yake, programu ilikuwa nzuri, na waliopanda waliipenda. Magari yalikuwa 15 tu, kwa eneo kubwa la jiji. Hesabu zenyewe zilionyesha kwamba mfumo wa namna ile unaanza kujibu magari yakiwa mengi, kwa sababu hapo ndipo maombi ya watu yanapopata wenzake wa njia moja. Fedha za kuongeza magari hazikutoka, ruzuku kwa kila safari ikabaki kubwa, na mwisho wa mwaka 2015 huduma ikafungwa. Huwa nawaza kuhusu wale wahandisi. Walijua ni wapi mstari wa gharama unaanza kushuka, na walisimamishwa kabla hawajaufikia.

Kwa hiyo mkija kufanya majaribio, tafadhali msitawanye magari kumi kwenye halmashauri tano ili kila mkurugenzi apate la kupigia picha. Yawekeni yote kwenye kata moja. Jaribio dogo lililotandazwa eneo kubwa limeshashindwa kabla halijaanza, na likishashindwa litatumika kama ushahidi kwa miaka kumi.

Upande wa pili mtaonyeshwa New York. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa Javier Alonso-Mora na wenzake uliotumia rekodi za teksi za jiji hilo, ukaonyesha kwamba magari 3,000 ya watu wanne yangeweza kuhudumia asilimia 98 ya safari ambazo wakati huo zilifanywa na teksi zaidi ya 13,000, abiria wakisubiri kwa wastani dakika 2.8. Ni kazi nzuri sana. Ila angalieni ilisimama juu ya nini: kila safari ya teksi ilikuwa imerekodiwa na mashine, mahali ilipoanza na ilipoishia, kwenye Manhattan iliyonyooka kama daftari la hesabu, watu wamesongamana usiku na mchana. Namba ile 3,000 haiwezi kupanda ndege ikashuka Dar es Salaam. Njia ya kuifikia ndiyo inayoweza.

Na hata hisabati bora haitayafanya magari madogo yabebe umati wa asubuhi. Natumia namba za mfano. Watu 600 wanataka kutoka kata moja kwa saa moja ya alfajiri. Gari la kuita la siti 12 linazunguka mitaani, linapata watu wanane, linawafikisha kituoni na kurudi tupu, dakika 40. Hao ni watu 12 kwa saa. Mnahitaji magari 50, na madereva 50, na barabara ya mtaa itakayobeba magari 50 yanayopishana. Kosta za siti 30 zenye ruti moja, zikizunguka kwa saa moja, zinahitajika 20. Saa hiyo Kosta inashinda bila ubishi. Rudini saa tano asubuhi, watu 30 kwa saa, na mambo yanageuka: magari matatu ya kuita yanawatosha, kila moja likibeba kumi kwa saa, wakati Kosta inamweka mtu kituoni karibu nusu saa ili ijae. Usiku, baada ya daladala nyingi kulala, tofauti ni kubwa zaidi, na anayeipata ni mfanyakazi wa hoteli na mlinzi, watu ambao sasa wanaacha sehemu kubwa ya ujira wa siku kwa bodaboda.

Hili ndilo ombi langu kubwa kwenu. Ruti na wito viishi pamoja, kila kimoja kwa saa yake na mahali pake, na mpaka kati yao upigiwe hesabu kata kwa kata. Leseni inayomfunga mwenye gari kwenye ruti moja alfajiri mpaka usiku, au inayomwachia azurure siku nzima, zote mbili zinatupotezea kitu. Gari lilelile linaweza kuwa la ruti saa kumi na moja alfajiri na la wito saa nne.

Kuna kishawishi kimoja ambacho naomba mkikatae mapema. Mwendeshaji atakuja na kusema magari yangu yanatumika asilimia 95 ya muda, hayakai bure, tazameni ufanisi. Mdenmaki mmoja, Agner Krarup Erlang, alipokuwa akipigia hesabu laini za simu za Copenhagen mwaka 1909, alifungua elimu nzima ya foleni, na elimu hiyo inasema hivi kwa foleni nyepesi ya mhudumu mmoja: akitumika nusu ya muda, kwa wastani yupo mtu 1 kwake, anayehudumiwa pamoja na wanaosubiri. Akitumika asilimia 80, wapo 4. Asilimia 90, wapo 9. Asilimia 95, wapo 19. Zile tano za mwisho zimezidisha umati zaidi ya mara mbili. Mnaoendesha mwendokasi mnajua maana yake kuliko mimi. Njia ya awamu ya kwanza, kilomita 20.9, ilifunguliwa Mei 2016 na kulipatia jiji hili tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018, na tangu hapo kilio cha abiria kimekuwa mabasi machache kwa watu wengi. Gari linalosimama tupu dakika chache si hasara. Ndilo linalomwezesha anayeita sasa hivi apate sasa hivi.

Pia kuna masika. Mvua ikinyesha mtu wa bodaboda anahamia kwenye basi, mwendo wa magari unashuka, Jangwani panajaa maji na Barabara ya Morogoro inafungwa. Mahitaji yanapanda dakika ileile ambayo uwezo unaanguka. Modeli iliyojaribiwa kwa siku za jua pekee mwirudishie mwenyewe.

Narudi kwa wanafunzi wangu, kwa sababu hapa ndipo moyo wangu ulipo. Kila programu ya namna hii inaambiwa kitu cha kukuza au kupunguza. Inaweza kuambiwa ipunguze kilomita, au ikuze mapato, au iongeze idadi ya watu wanaohudumiwa. Ikiambiwa ikuze mapato, itafanya alichokifanya konda: itamwacha wa shilingi 200. Itamwacha pia bibi anayekaa mwisho wa mtaa, kwa sababu kumfuata kunarefusha njia ya wengine. Tofauti ni kwamba konda unamwona uso, unaweza kumsihi, na siku nyingine anakuonea huruma na kusema ingia. Programu itaandika tu kwamba hakuna gari karibu, na mtoto hatajua kamwe kwamba gari lilikuwepo, limepangwa lisimwone.

Kwa hiyo kile ambacho programu inatafuta kiandikwe kwenye leseni, kwa Kiswahili, kisomeke na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Iandikwe kwamba mwanafunzi aliyevaa sare ana uzito uleule wa mtu mzima. Iandikwe muda wa juu kabisa ambao mkazi wa pembezoni anaweza kusubirishwa, siyo wastani wa kata. Hisabati haisumbuki na masharti kama hayo, ni mstari mmoja zaidi kwenye mlinganyo. Yana gharama, ndiyo, na gharama hiyo itajwe hadharani: ruzuku kwa kila safari ni shilingi ngapi, na inatoka mfuko gani. Afadhali tubishane juu ya namba iliyo mezani.

Wanaoendesha magari nao wahesabiwe. LATRA mnakumbuka mwaka 2022, mlipoweka ukomo wa kamisheni ya asilimia 15 kwa kampuni za teksi za mtandaoni: Uber ilisimamisha huduma mwezi Aprili na kurudi Januari 2023, baada ya ukomo kupandishwa hadi asilimia 25. Namba moja ilibadilishwa na soko zima likatikisika, kwenda na kurudi. Mlikuwa na nia ya kumlinda dereva, na nia hiyo ilikuwa sahihi. Modeli ingewasaidia kuona mapema, kwa kila kiwango cha kamisheni, dereva anabaki na nini baada ya mafuta na kilomita tupu, na kampuni inafikia wapi ndipo inaondoka.

Mtauliza takwimu zitatoka wapi. Zinaweza kutoka hapahapa. Nairobi walipotaka kujua ruti za matatu, Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa MIT na Columbia waliwapandisha wanafunzi kwenye magari wakiwa na simu mkononi, na mwaka 2014 wakatoa ramani ya zaidi ya ruti 130 pamoja na takwimu zake, bure kwa kila mtu. Sisi wenyewe tuna Ramani Huria: kuanzia mwaka 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliingia na wakazi kwenye mitaa inayofurika, wakachora vichochoro na mifereji ambayo haikuwa kwenye ramani yoyote. Walioweza kuchora mfereji wa Tandale wanaweza kuhesabu abiria wa Kivule.

Jambo moja tu, msihesabu kwa programu ya simu peke yake. Mkipima mahitaji kwa maombi yaliyoingia mtandaoni, mtamwona mwenye simu janja na bando, na mtapeleka magari kwake, na mwezi ujao ataita zaidi, na takwimu zitasema kwamba mlifanya vizuri. Mama wa kitochi hatakuwepo kwenye hesabu hata siku moja. Mwekeeni njia ya nyota na alama ya reli, kama anavyotuma pesa, au mpeni kitufe kwenye duka la Mangi, Mangi aite kwa niaba yake. Na aliyeita akakosa gari naye aandikwe. Mifumo mingi hurekodi safari zilizofanyika tu, na waliokata tamaa wakarudi nyumbani hawaachi alama.

Kipo kipimo kimoja kisichohitaji hata simu. Mwaka 1961 John Little alithibitisha kanuni ambayo ningependa kila afisa usafiri aijue: idadi ya watu waliosimama kituoni kwa wastani ni sawa na idadi wanaofika kwa saa, kuzidisha na saa wanazosubiri. Wakifika 600 kwa saa na kusubiri dakika 20, mtawakuta 200 wamesimama. Igeuzeni. Hesabuni vichwa kituoni kila dakika tano, hesabuni wanaofika, gawanyeni, na mmejua muda wa kusubiri bila kumhoji mtu hata mmoja. Inafanya kazi kwa daladala, kwa mwendokasi na kwa magari ya kuita vilevile. Asubuhi moja kwa kila kituo, kwa mwezi mmoja, na jiji lenye watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022 litakuwa na picha ya kuanzia ya namna linavyosubiri.

Ninachoomba basi kinaeleweka. Kabla ya leseni ya kwanza, tangazeni modeli yenyewe, kitu inachotafuta, na takwimu zilizoilisha, ili walimu wa vyuo, madereva na sisi wa sekondari tuikague. Chagueni kata moja, magari ya kutosha, saa za mchana na usiku, na ahidini muda wa majaribio ambao hautakatizwa kabla haujatoa jibu. Wekeni matokeo hadharani kila mwezi, hata yakiwa mabaya.

Kuhusu wa kuhesabu vichwa, ninao. Kidato cha tatu wangu wamemaliza mada ya takwimu muhula huu. Wanajua wastani, wanajua kuchora jedwali la marudio, wana daftari na saa za mkononi, na vituo vya njia zao wanavijua kuliko ofisi yoyote, maana ndiko wanakosimama kila alfajiri. Wazazi wameniambia wako tayari kutoa ruhusa. Nitajieni kituo na siku, nitakuja nao saa kumi na moja na nusu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa hisabati,
Goba, Dar es Salaam